Tonge la Mwenye Sinia

Zamani si nyingi, Badiru alijulikana mpakani pote kwa jina la Tani Kumi. Hawakumpa jina hilo maadui. Madereva wake mwenyewe ndio waliompachika, naye akalipenda kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Malori yake yakisimama foleni Busia kungoja kuvuka, yeye huku Sofia, mtaa wa Busia ya Uganda, alikuwa ameketi kibarazani kwa mkewe, kiti cha chuma kikimlalamikia, mkononi ana chapati mbili zilizokunjwa pamoja. Watu wa huku hawana haja ya kwenda benki kuulizia mali ya mtu. Tumbo likimtangulia mlangoni, wanajua biashara inakwenda.

Lakini tumbo hilo lilikuwa linamuua. Magoti yalikataa kazi, presha ikapanda, na usingizini pumzi ilikuwa ikikatika mpaka mkewe Rukiyah anamtikisa kama mti wa mapera. Daktari mmoja wa Nairobi akamwambia wazi kwamba asipopungua hatamwona mjukuu. Basi Badiru akavuka mpaka kimyakimya, akalazwa, akapunguzwa tumbo la chakula hadi likabaki na umbo la ndizi moja, tena si gonja, ile kubwa ya kuchoma, ni ile ndogo ya kulia chai. Aliporudi, aliwaambia watu kwamba alikwenda kutolewa vijiwe vya nyongo.

Kwa nini adanganye? Kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekwisha kumponza. Mwaka mmoja nyuma, kibarazani hapo hapo, walikuwa wakimzungumzia tajiri fulani wa Kampala aliyefanyiwa upasuaji kama huo, na Badiru akawachekesha watu mpaka wakashika mbavu: "Mtu nalipa daktari ili amunyime chakula? Si angeoa tu bibi muchoyo!" Maneno hayo yalizunguka Busia ya Uganda yakavuka na ya Kenya. Sasa angewaambia nini watu?

Akanyamaza, na mwili ukasema wenyewe. Mashavu yaliondoka, shingo ikatokea mahali ambapo haikuwahi kuwa na shingo, kanzu zikawa zinamfuata nyuma hatua mbili. Na huku kwetu mtu mzima akikonda ghafla, hakuna anayemsifu. Wazee wanaikumbuka vizuri miaka ya silimu, ugonjwa uliokausha watu mpaka ukaitwa kwa wembamba wao. Kwa hiyo walianza kunong'ona. Wengine walisema ni silimu, wengine kwamba malori yamewekwa rehani, na wachache wenye mawazo ya mbali wakasema ni jini la kike kutoka Mombasa.

Tena kulikuwa na kisa cha wali, ambacho Rukiyah peke yake alikishuhudia.

Mtaalamu wa lishe wa Badiru, dada mmoja wa huko Nairobi aitwaye Nanjala, alikuwa amemweleza kila hatua: kwanza vya majimaji, kisha vilaini, kisha mayai, samaki na kuku. Wanga ungekuja baadaye, kidogo kidogo, na usiteremshwe kwa maji wala soda. Badiru aliitikia kila neno. Halafu Ijumaa moja, Nanjala akiwa hajampa ruhusa, harufu ya pilau ya Rukiyah ikamtoa akili. Aliingiza mkono sufuriani akala kama Tani Kumi wa zamani, matonge makubwa, haraka, na soda baridi juu yake.

Haikuchukua muda. Wali ulikwama chini ya kifua kama gunia mlangoni, jasho la baridi likamtoka, moyo ukaenda mbio, dunia ikazunguka. Akalala sakafuni jikoni akatoa shahada kwa sauti, akamwagiza Rukiyah amsamehe yote, hata yale ambayo Rukiyah alikuwa hayajui, jambo ambalo baadaye lilimletea maswali. Alitapika, akapona. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Badiru hakugusa wali, wala ugali, wala chapati, wala muhogo, wala mkate wa wimbi. Alikula nyama, mayai na mboga, na akiona sahani ya wali anageuza uso kama ameona deni.

Nanjala alipopata habari alimpigia simu.

"Mzee Badiru, wakati ule ulikosea, lakini sasa wakati umefika. Wanga si adui yako. Ndiyo maana una kizunguzungu, na mama ameniambia umekuwa mkali hata kwa kuku. Anza na nyama, fuata na mboga, wali uwe mwisho. Vijiko viwili. Tafuna mpaka uone aibu."

"Nimesikia, mwanangu."

"Kusikia umesikia. Utakula?"

"Nitakula," alisema Badiru, na hakula.

Nyumbani alikuwako mwingine wa kumuuliza. Binti yake wa pekee, Hajara, kila jioni akiondoa vyombo aliitazama sahani ya baba yake, akauliza, "Umekula, Baba?" Naye kila jioni alijibu, "Nimekula." Hajara alikuwa anaona wali ulivyorudi jikoni bila alama ya kidole. Aliisuuza sahani tu. Alikuwa mtoto wa adabu, na alikuwa anaogopa.

Ndipo ikaja posa kutoka Tororo. Kijana Muzamiru, mtoto wa Mzee Twaibu mwenye kinu cha mpunga, alimtaka Hajara, na Hajara alimtaka Muzamiru, na mambo yakaenda vizuri mpaka wiki ya nikahi, Hajara alipokuja kuketi karibu na baba yake huku machozi yanamlengalenga.

"Baba, huko Tororo wanasema wewe ni mgonjwa sana. Mama yake Muzamiru aliuliza kama nikahi iharakishwe, kabla..." Hakumaliza. "Sitaki kuolewa nikihurumiwa. Siku hiyo kaa sinia moja na baba mkwe. Kula, wakuone unakula. Sikuombi kitu kingine."

Badiru alimtazama mtoto wake. Angeweza kumwambia ukweli pale pale, na hadithi hii ingeishia hapo. Lakini aibu ni mzigo wa ajabu, mtu anaubeba hata mahali palipo na pa kuutua.

"Nitakula," akasema.

Sasa, asiyejua sheria ya sinia hawezi kujua ahadi hiyo ilikuwa na uzito gani. Kwa kina Badiru, tangu enzi za marehemu baba yake, mkubwa wa sinia ndiye anayeanza na ndiye anayemaliza. Akiinua mkono, sinia limefungwa, na kijana atakayeongeza tonge baada ya hapo ataitwa mlafi mpaka azeeke. Hakuna anayeondoka kabla ya wakubwa. Ndiyo maana mkubwa mwenye huruma huendelea kuzungusha vidole hata akishashiba, ili wadogo wale. Na ukila na mkwe, hapo mambo yanakuwa magumu zaidi. Mwenyeji akitangulia kuinua mkono, amemwambia mgeni aende kwao. Mgeni akitangulia, amesema chakula ni kibaya. Tena kila mtu anakula kilicho mbele yake. Kupeleka mkono upande wa mwenzako ni utovu wa adabu.

Mambo yakazidi. Mzee Twaibu alileta zawadi, magunia ya mchele wake mwenyewe, mweupe, wa kunukia, uliokobolewa kwenye kinu chake. Pilau ya harusi ingepikwa kwa mchele wa mkwe. Kutokuula ingekuwa ni kumtemea mate usoni.

Rukiyah, aliyezaliwa upande wa Kenya na mwenye akili ya kuvukisha chochote mpakani, akapanga mpango.

"Baba Hajara, sikiza. Upande wako wa sinia nitaficha mayai na minofu ya kuku chini ya wali. Wewe utakula hivyo polepole, watu waone mkono unafanya kazi. Mwisho unameza vitonge viwili vya wali, vidogo kama vya mtoto. Umemaliza, heshima imebaki."

"Na vikikwama?"

"Havikwami. Ulipokwama ulikula kama trela. Na sinia nitalibeba mwenyewe, upande wako nitautia ndimu nzima kama alama."

Siku ikafika. Nikahi ikafungwa, vigelegele vikapigwa, wanaume wakaketi kwenye mikeka chini ya turubali. Siniani kwa Badiru waliketi Mzee Twaibu mkono wa kulia, shehe aliyefungisha ndoa, ndugu wawili wa Twaibu, na mbele yake Okochi, dereva wake wa kwanza kabisa, Msamia, kabila la hapa mpakani, mtu wa kanisani ambaye hajawahi kukosa pilau ya Waislamu hata mara moja. Rukiyah akaja na sinia, macho yake kwenye ile ndimu. Mlangoni ndugu mmoja wa bwana harusi, kijana mwenye heshima zake, akampokea. "Mama, usitaabike," akasema. Angemkataliaje mbele ya wakwe? Kijana akalibeba sinia kwa adabu zote, akalizungusha kupita kati ya mabega ya wazee, akalitua katikati.

Ndimu ikawa mbele ya Okochi.

Badiru aliiona. Kwa mbali, mlangoni, akamwona Rukiyah amejishika mdomo. Bismillahi ikasomwa, mikono ikaingia, na haikupita hata dakika Okochi akatoa sauti ya mtu aliyeokota almasi.

"Bosi! Huku kwangu iko mayai! Mayai mingi, na kuku! Eh, leo mama Hajara nanipenda!"

Badiru akacheka na wenzake. Mbele yake kulikuwa na wali mtupu. Kilima cha wali, cheupe na kahawia, punje moja moja zikimtazama. Akaingiza vidole, na jikoni kule na sakafu yake na shahada yake vikamrudia. Shingo ikaanza kulowa kabla hajaonja kitu.

Akafanya anachofanya mwoga mwenye adabu. Alifinyanga tonge, akalipeleka mdomoni, akagusa midomo, akatafuna hewa, akaurudisha mkono na tonge likaanguka kilimani lilikotoka. Akarudia. Akamsifu mpishi. Akarudia tena. Kwenye dirisha la chumba cha wanawake aliona uso wa Hajara na ushungi wake wa bi harusi, unamtazama mkono.

Wengine walikula wakashiba. Ndugu wa Twaibu wakapunguza mwendo. Shehe akaanza kuokota punje moja moja, huku akilitazama jua, kwa maana Alasiri ilikuwa inakaribia. Okochi, aliyekula mayai mengi, kuku tele, na nusu ya wali wa upande wake, akawa anapumua kwa shida. Lakini hakuna aliyethubutu kuinua mkono, kwa sababu wakubwa wawili bado walikuwa wanakula.

Wakubwa wawili. Hapo ndipo Badiru aliposhtuka. Mkono wa Mzee Twaibu nao ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na nyama iliyokuwa mbele yake imekwisha, lakini kilima chake cha wali kilikuwa kimesimama pale pale, hakijapungua hata kidole. Badiru akaangalia vizuri. Tonge likapanda, likagusa ndevu, likateremka.

Macho yao yakakutana juu ya sinia.

"Mukwe," alinong'ona Twaibu bila kusimamisha mkono, "mimi naona mukono yako nakwenda, nakuja, lakini hiyo muchele hapana punguka. Iko shida na muchele yangu?"

"Muchele iko muzuri kabisa. Lakini hata yako, mukwe, naona kilima iko pale pale."

Mikono miwili ya wazee ikaendelea kuzunguka, maskini, kama ng'ombe wanaozungusha kinu cha kukamua mafuta ya simsim.

"Sukari," Twaibu akasema mwishowe, kwa sauti ndogo mno. "Iko kwa damu yangu. Daktari nasema wali kidogo tu, kama ngumi ya mutoto, na mimi naogopa hata hiyo kidogo. Lakini mwenye kinu akikataa kula muchele yake mbele ya watu, kesho nani nanunua? Watasema naweka dawa. Sasa mimi nangoja wewe uinue mukono, na wewe hapana inua! Mukwe, mimi nachoka!"

Badiru alihisi kitu kinapanda kifuani. Akaogopa kuwa ni ile hali ya jikoni, kumbe ni kicheko. Kilimtoka puani kwanza, kisha kikamtoka chote, mabega yakitikisika, mpaka shehe akaacha kuokota punje. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba siku nyingine pilau nayo inaweza kumuumbua, kabla kifo hakijapata nafasi.

"Mimi walinikata tumbo," akasema. Hakunong'ona. Alikuwa amechoka kunong'ona, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema neno hilo chini ya turubali, akaona lilivyo dogo. "Nairobi. Si nyongo, nyongo yangu iko salama. Niliomba wanipunguze tumbo, wakapunguza. Ndiyo hii nakonda. Silimu hakuna, jini hakuna, na malori iko barabarani. Wali ilinikwama mara moja, basi naogopa wali kama mutoto naogopa sindano."

Okochi alibaki mdomo wazi, ukiwa na yai ndani.

"Bosi," akasema baada ya kumeza, "kumbe wewe ndiye ulilipa daktari akunyime chakula?"

Hicho ndicho kichekesho Badiru alichokiogopa mwaka mzima, na sasa kilikuwa kimefika, na hakikuuma. Watu wa sinia lile walicheka, watu wa sinia la pili wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka na wao, na katikati ya vicheko Mzee Twaibu alimshika Badiru begani akamtikisa.

"Sisi tulifikiri unakufa! Mama Muzamiru iko na sanda ndani ya begi, haki ya Mungu! Alhamdulillahi, mukwe! Alhamdulillahi!" Na machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu, ya kweli, si ya pilipili.

Kisha akafanya jambo ambalo adabu inamruhusu mkubwa kumfanyia mkwe wake. Kupeleka mkono upande wa mwenzako kujichukulia ni kosa, lakini kumegea mwenzako ni heshima. Twaibu alimwambia Okochi alete nyama iliyobaki upande wake, akaikata kwa vidole vipande vidogo, akaviweka mbele ya Badiru kimoja kimoja. Badiru akala. Akatafuna kila kipande mpaka kikawa hakina la kusema. Hakuna aliyemharakisha. Shehe mwenyewe alisema Alasiri bado.

Nyama ikaisha. Ukabaki wali.

"Sasa twende wote," alisema Twaibu. "Wewe kidogo, mimi kidogo. Tukianguka, tunaanguka wawili."

Badiru alifinyanga tonge dogo, dogo mno, ambalo Tani Kumi asingeliona hata likiwa kwenye ukucha. Akalitia mdomoni. Akafunga macho. Ladha ikamjia taratibu, iliki, mdalasini, mafuta ya kitunguu kilichoungua kidogo, mchele wenyewe ulivyo mtamu ukitafunwa bila haraka, na mtu huyu aliyekula pilau miaka yote ya maisha yake akagundua kwamba hajawahi kuitafuna. Akatafuna mpaka akaona aibu. Akameza.

Akangoja.

Twaibu naye alikuwa amemeza, anamtazama. Okochi anamtazama. Badiru aliweka kiganja juu ya kifua, palepale gunia lilipokwama siku ile. Akasikiliza. Hakusikia mbio za moyo wala jasho shingoni. Wali ulikuwa umeteremka kama msafiri mwenye pasipoti halali, umepita, umekwenda zake. Akafanya tonge la pili, akala, akangoja tena. Nalo likapita. La tatu hakulifanya, ingawa mkono ulitaka. Aliujua mkono wake.

"Imeshuka," akasema. "Imeshuka, mukwe. Imeshuka na imekaa."

Wakaangaliana, wakahesabu kwa macho, wakainua mikono pamoja, ili pasiwe na aliyemtangulia mwenzake. Sinia likafungwa. Okochi alijilaza chali mkekani, akamshukuru Mungu wa kanisani kwake kwa sauti.

Aliyekuja na birika na beseni hakuwa mmoja wa vijana. Alikuwa Hajara, na ushungi wake, na hina mpaka viwikoni, siku ambayo bi harusi hapaswi kugusa hata kikombe. Nyuma yake dirishani, shangazi walikuwa wanamwita arudi. Alipiga magoti mbele ya baba yake akamimina maji, na macho yake yalikuwa mekundu, maana dirisha lile lilikuwa karibu na alikuwa amesikia kila neno.

"Umekula, Baba?" akauliza.

"Nimekula."

Akamtazama usoni. Kwenye ndevu za Badiru, pembeni ya mdomo, ilikuwa imenata punje moja ya wali. Hajara akaweka birika chini, akaitoa kwa kidole chake chenye hina, akawaonyesha watu wote wa sinia ile punje, akamwegemea baba yake begani akalia kwa furaha mpaka kanzu ikalowa.